Safari ya Tangambili: Shajara ya Maandalizi ya Siku Nane Shelisheli

Wiki ya 26 kabla ya safari

Leo tumeamua. Tutakwenda visiwa vya Shelisheli kwa siku nane, usiku saba, watu watano: mimi, mume wangu, binti yetu mwenye miaka 13, mdogo wake mwenye miaka 6, na mama mkwe ambaye magoti yake hayapendi ngazi. Nimefungua shajara hii ili kila uamuzi uandikwe pamoja na sababu yake, kwa kuwa safari zetu mbili zilizopita zilipangwa kwa mazungumzo ya jikoni, na ilipofika siku ya kuondoka hakuna aliyekumbuka kwa nini tulichagua tulichokichagua.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wakati wa kwenda. Watoto wana likizo mbili zinazotosha, moja ya Desemba na nyingine fupi ya katikati ya Oktoba. Desemba ilikuwa na mvuto wa urefu wake, lakini ndiyo mwezi ambao nauli na vyumba hupanda kuliko wakati mwingine wowote, na pia ndio mwezi ambao mvua za visiwa hivyo huanza kuwa nzito. Oktoba ni msimu wa kati, ule ambao wageni wengi wameshaondoka na wengine hawajaanza kuja. Mume wangu aliuita msimu wa bei nafuu. Mimi napenda zaidi jina ambalo mabaharia wa Kiswahili wamelitumia tangu zamani, tangambili, yaani kipindi ambacho pepo za msimu zinabadilishana na chombo kinaweza kwenda au kurudi. Jina hilo linaeleza jambo ambalo bei haielezi: huu ni wakati ambao bahari haijaamua, na anayepanga safari ndani yake anapaswa kupanga kwa namna ambayo nayo inaacha nafasi ya kuamua baadaye.

Wiki ya 25

Nimetumia jioni tatu kusoma kuhusu pepo, na naona ni muda uliotumika vizuri kuliko kutazama picha za vyumba.

Shelisheli iko kusini kidogo mwa ikweta. Mahé, kisiwa kikubwa kuliko vyote, kiko karibu nyuzi 4 na nusu. Kuanzia Mei hadi Septemba huvuma kusi, upepo mkavu na wenye nguvu kutoka kusini-mashariki. Kuanzia Desemba hadi Machi ni zamu ya upepo ambao sisi tungeuita kaskazi, ila hapo hauji kutoka kaskazini-mashariki kama unavyovuma juu ya ikweta, kwa sababu ukishaivuka ikweta hupinda na kufika visiwani kutoka kaskazini-magharibi. Nimelisoma jambo hili mara mbili ili niwe na uhakika, kwa kuwa ndilo linaloamua ni ufuo upi utakuwa shwari na upi utakuwa na mawimbi. Ufuo unaotazama kaskazini-magharibi, kama Beau Vallon huko Mahé, hutulia wakati wa kusi na kuchafuka wakati wa kaskazi. Ufuo unaotazama kusini na mashariki hufanya kinyume chake.

Vipindi viwili vya mabadiliko ni Aprili na takribani Oktoba hadi Novemba. Aprili bahari ni tulivu na maji ni ya moto zaidi, lakini hatuna likizo ya kutosha mwezi huo. Katikati ya Oktoba kusi bado haijafa kabisa; inapungua siku hadi siku, na baadhi ya siku hurejea kwa saa kadhaa. Mvua iko katikati ya viwango viwili: Julai hupata chini ya milimita 100, Januari hupita 350, na Oktoba husimama baina yao. Maana yake ni manyunyu ya mara kwa mara, mara nyingi mafupi, na uwezekano wa siku moja au mbili za mvua ya kweli. Visiwa vikuu vya Shelisheli ni vya mawe ya matale, yaani graniti, na vina milima, kilele cha Morne Seychellois kikiwa na mita 905, kwa hiyo mawingu hukwama juu ya Mahé hata wakati Praslin, kilicho umbali wa takribani kilomita 45 tu, kinapigwa na jua. Hilo pekee lilitosha kunifanya nipende Praslin.

Kuhusu vimbunga, visiwa vikuu viko karibu mno na ikweta kuweza kupitiwa mara kwa mara na vimbunga vya kitropiki vinavyozisumbua Madagaska na Mauritius. Hii ilikuwa moja ya sababu za kuvichagua, kwani mama mkwe aliuliza swali hilo kabla ya kuuliza jingine lolote.

Wiki ya 23

Ratiba ya kwanza imeandikwa, na imefutwa.

Iliandikwa na mume wangu kwa moyo mkunjufu, na ilitaka tuone visiwa vitatu: usiku mbili Mahé, usiku mbili La Digue, usiku mbili Praslin, kisha usiku wa mwisho Mahé tena kwa ajili ya ndege. Kwenye karatasi ilionekana ya haki, kila kisiwa kikipata sehemu yake. Tulikaa tukahesabu siku moja moja. Jumapili ni ya kufika. Jumatatu ni nzima. Jumanne ni ya kuhama, kwa maana chumba cha kwanza kinaachwa saa nne asubuhi na cha pili hakifunguliwi kabla ya saa nane mchana, na katikati yake kuna mizigo, boti, mtoto mwenye njaa na bibi anayesubiri mahali pa kukaa. Jumatano ni nzima, Alhamisi ya kuhama, Ijumaa nzima, Jumamosi ya kuhama, Jumapili ya kuondoka. Siku tatu nzima kati ya nane.

Mbadala niliouleta ni huu: usiku wa kwanza Mahé karibu na bandari ya Victoria, kisha usiku tano mfululizo Praslin, kisha usiku wa mwisho Mahé. Siku nzima zinakuwa nne, Jumanne hadi Ijumaa. Mume wangu alisema, na alikuwa na haki ya kusema, kwamba kupoteza kisiwa kizima kwa faida ya siku moja ni biashara mbaya. Nilimjibu kwamba hesabu haiko katika idadi. Siku tatu zilizotawanyika kila moja kwenye kisiwa chake haziwezi kubadilishana: ikiwa Jumatano upepo unavuma La Digue, Jumatano ya La Digue imekwenda na hairudi. Siku nne zilizofuatana mahali pamoja zinaweza kupanguliwa kila asubuhi kwa kutazama bahari. La Digue yenyewe haipotei, kwa sababu boti kutoka Praslin hufika huko kwa dakika 15 hivi, na tunaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni katika siku itakayotufaa.

Hakukubali siku hiyohiyo. Alikubali siku mbili baadaye, baada ya binti yetu kuchora ratiba zote mbili kwa rangi, rangi nyekundu ikiwa saa za kubeba mizigo.

Wiki ya 22

Tiketi za ndege zimenunuliwa. Hakuna la zaidi la kuandika, isipokuwa kwamba tulichagua ndege inayofika mchana badala ya ile ya bei ya chini inayofika usiku wa manane.

Wiki ya 19

Hapa tumepoteza fedha, na naandika kwa ukamilifu ili yeyote atakayesoma shajara hii asirudie.

Tulilipa arbuni kwa nyumba ya wageni iliyo upande wa kusini-magharibi wa Praslin, maeneo ya Grand Anse. Picha zilikuwa za kupendeza mno: mchanga mweupe, maji yaliyolala kama kioo. Nilichokosa kuuliza ni picha zilipigwa mwezi gani. Wakati wa kusi upande huo hupokea upepo na mwani mwingi unaosukumwa hadi ufuoni, nao hulala kwenye mchanga kwa marundo. Kufikia katikati ya Oktoba hali huwa inaanza kubadilika, lakini hakuna anayeweza kuahidi kwamba ufuo utakuwa umejisafisha. Nilipomwandikia mwenye nyumba, alinijibu kwa ukweli kwamba picha ni za Februari. Hakunidanganya, ni mimi ambaye sikuuliza.

Tulifuta nafasi hiyo na sehemu ya arbuni haikurudishwa, kwa mujibu wa masharti ambayo tulikuwa tumeyasoma kwa haraka. Nyumba mpya iko Anse Volbert, upande wa kaskazini-mashariki, kwenye ufuo mrefu ambao maji yake ni ya kina kifupi kwa hatua nyingi, jambo linalomfaa mtoto wa miaka sita kuliko uzuri wowote wa picha. Iko ghorofa ya chini. Nimeuliza idadi ya ngazi kutoka barabarani hadi mlangoni, nikajibiwa kuwa ni tatu, na zina mahali pa kushika.

Tangu siku hiyo kila ufuo tunaoufikiria tunauandikia mambo mawili pembeni: unatazama wapi, na una mwamba wa matumbawe mbele yake au hauna. Anse Lazio unatazama kaskazini-magharibi, hivyo mwezi wetu unaufaa, ila hauna mwamba wa kuzuia mawimbi na huingia kina haraka. Anse Source d'Argent wa La Digue uko magharibi na umekingwa na mwamba. Grand Anse na Petite Anse za upande wa pili wa La Digue ni za kutazamwa tu, kwa kuwa mikondo yake ni mikali, hasa kusi inapovuma, na katika familia yetu hakuna mwogeleaji wa kiwango hicho. Nimeliandika hili kwa wino mwekundu na tumekubaliana wote, pamoja na binti ambaye anaogelea vizuri na ndiye aliyehitaji kulisikia.

Wiki ya 17

Nyaraka. Pasipoti ya mtoto mdogo inaisha muda wiki tano baada ya kurudi, na kwa kuwa mashirika mengi ya ndege na nchi za kupitia hutaka muda wa miezi 6 ubaki, tumeanza kuomba mpya leo hii. Ningekuwa nimeligundua hili wiki ya pili kabla ya safari, shajara ingeishia hapo.

Shelisheli haihitaji viza kwa raia wa karibu nchi zote, ila kila msafiri anatakiwa kupata kibali cha kuingia kinachoombwa kwa mtandao kabla ya kupanda ndege, na katika maombi hayo huonyeshwa tiketi ya kurudi na uthibitisho wa mahali pa kulala. Wanaotoka katika nchi zenye homa ya manjano hudaiwa cheti cha chanjo. Tumeweka nakala za vyote katika bahasha moja na katika simu mbili tofauti.

Katika bajeti nimeongeza tozo ya mazingira ambayo wageni hulipa tangu Agosti 2023 kwa kila usiku: rupia 25 kwa mtu katika nyumba ndogo, 75 katika za kati na 100 katika hoteli kubwa, na watoto walio chini ya miaka 12 hawatozwi. Kwetu sisi maana yake ni watu wanne kwa usiku saba. Si fedha nyingi, lakini ni aina ya malipo yanayomshtua mtu mapokezini asipokuwa ameyatarajia. Asilimia 15 ya bajeti yote imetengwa na haina kazi iliyoandikwa.

Wiki ya 14

Wiki hii imekuwa ya ng'amba, na nakiri kwamba nimeacha mambo mengine yakae.

Binti yetu alikuwa ameombwa achague jambo moja ambalo angesikitika kulikosa. Alirudi baada ya siku nne akiwa na karatasi tatu. Ng'amba, yaani kasa yule mwenye mdomo kama wa mwewe na gamba lililowahi kuwindwa kwa ajili ya mapambo, huko Shelisheli hupanda ufuoni kutaga mchana kweupe, tabia ambayo ni adimu kwa jamii ya kasa, kwani kwingi duniani hutaga usiku. Msimu wao huanza karibu na Oktoba na kufikia kilele Novemba na Desemba. Nchi hiyo iliwapa ng'amba ulinzi kamili wa sheria mwaka 1994. Kisiwa kidogo cha Cousin, kilicho karibu na Praslin, ni mojawapo ya mahali muhimu zaidi pa kutagia kwa ng'amba katika Bahari ya Hindi ya magharibi.

Cousin kina habari nyingine ambayo alinisomea kwa sauti. Zamani kilikuwa shamba la minazi, na ndege mdogo mwimbaji asiyepatikana nje ya Shelisheli alikuwa amebaki hapo peke yake, idadi yake ikiwa imeshuka chini ya 30. Mwaka 1968 kisiwa kilinunuliwa kwa ajili ya kuhifadhi ndege, minazi ikaachwa ipungue, miti ya asili ikarudi, na ndege wale wakaongezeka hadi wakaweza kuhamishiwa visiwa vingine. Sijui kama ningelijua jambo hili kama tungekwenda Desemba na kulala kando ya bwawa la kuogelea.

Ila Cousin kina masharti yake. Wageni hupokelewa asubuhi za siku za kazi pekee. Boti ya wageni haigusi ufuo. Abiria huhamia katika boti ya kisiwa yenyewe, ili panya na wadudu wageni wasisafirishwe, kisha boti hiyo husukumwa hadi mchangani, na mtu hushuka na miguu majini. Mama mkwe alisikiliza yote hayo, akauliza kuhusu kuhama boti moja hadi nyingine mawimbi yakiwepo, kisha akasema, "Mimi hapo mnanipakia nikiwa mzima mnanishusha vipande." Kwa hiyo Cousin watakwenda baba na binti peke yao. Mimi, Mama na mdogo tutakwenda Vallée de Mai siku hiyohiyo.

Wiki ya 11

Vallée de Mai. Ni msitu wa asili wa miti ya jamii ya mnazi usiozidi hekta 20, katikati ya Praslin, ulioandikwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1983. Humo huota mti wa coco de mer, ambao kwa asili hupatikana Praslin na kisiwa jirani cha Curieuse tu, na ambao mbegu yake ndiyo kubwa kuliko mbegu zote za mimea duniani. Tunda lake huchukua miaka sita hadi saba kukomaa. Mtoto wetu ana miaka sita. Nilipomwambia kwamba kuna matunda juu ya mti yaliyoanza kukua alipozaliwa, alinyamaza kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akauliza kama yanamjua.

Nimeuliza kuhusu njia. Kuna mzunguko mfupi unaoweza kutembewa taratibu kwa muda wa saa moja hivi, ingawa una mawe na ngazi zisizo sawa, kwa hiyo tutachukua fimbo ya kutembelea na tutaingia mapema asubuhi, wakati ambao pia kuna uwezekano mkubwa zaidi wa kumsikia kasuku mweusi wa Praslin. Faida nyingine ni kwamba chini ya majani makubwa kiasi kile mvua ndogo haimkatizi mtu. Msitu huu umewekwa katika orodha ya mambo yanayowezekana siku ya mawingu, na orodha hiyo, katika msimu wa kati, ina thamani sawa na orodha ya fukwe.

Wiki ya 8

Maji kujaa na kupwa. Nimemkabidhi binti kazi hii yote, naye ameitenda vizuri kuliko ambavyo ningeitenda mimi.

Anse Source d'Argent, kwa sababu ya mwamba unaoukinga, huwa na maji ya kina cha magoti tu yanapokupwa, na mtu hawezi kuogelea. Anaweza kutembea na kutazama mawe. Kwa hiyo siku ya La Digue inapaswa kuwekwa pale ambapo maji yanajaa katikati ya mchana. Wiki yetu inaanza mwezi ukiwa nusu, maana yake ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ikiwa ndogo, na inaishia karibu na mwezi mpevu, ambapo bamvua, yaani maji ya kujaa na kupwa sana, hurudi. Kwa kuwa kila siku maji huchelewa kwa takribani dakika 50, binti amegundua kwamba Alhamisi ndiyo siku ambayo kujaa kunaangukia saa za mchana, na ndiyo siku tuliyoiandika kwa La Digue. Huko tutakodi baiskeli tatu, moja ikiwa na kiti cha mtoto, na Mama atasafiri kwa gari dogo la umeme. Magari ni machache kisiwani humo, nalo ni jambo la kumfurahisha mtu anayeendesha baiskeli kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi.

Wiki ya 5

Tabibu wa familia ametuona wote. Visiwa vikuu havina malaria ya wenyeji, kwa kuwa mbu aina ya anofelesi hawapo, lakini dengi ipo, na mbu wake huuma mchana, kwa hiyo dawa ya kupaka ya kufukuza mbu itatumika tangu asubuhi. Bahari humlevya mume wangu, jambo ambalo hapendi lisemwe. Safari ya boti kutoka Mahé hadi Praslin ni ya saa moja hivi katika bahari iliyo wazi, na kusi ikiwa bado hai inaweza kuyumba sana. Atameza kidonge kabla ya kupanda, wala hatasubiri mpaka aanze kuona kizunguzungu, na tutakaa sehemu ya nyuma ya chini ambako chombo hutikisika kidogo zaidi.

Kuhusu jua, mawingu ya msimu wa kati hudanganya. Karibu na ikweta miale inayounguza ngozi hubaki mikali hata anga likiwa la kijivu, na upepo hufanya mtu asihisi joto. Tumenunua fulana za kuogelea zenye mikono mirefu kwa kila mmoja, ili mafuta ya kujikinga yahitajike usoni na miguuni tu. Nimechagua mafuta yenye madini badala ya yale ya kemikali zinazotuhumiwa kudhuru matumbawe. Palau, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, ilipiga marufuku baadhi ya kemikali hizo mwaka 2020. Matumbawe ya Shelisheli yalipata pigo kubwa mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, na tena mwaka 2016. Chupa yangu moja haibadilishi joto la bahari, lakini sioni sababu ya kuwaongezea mzigo viumbe wanaojaribu kupona.

Mifuko ya plastiki imeondolewa katika mizigo, kwa kuwa matumizi yake yalipigwa marufuku huko mwaka 2017. Nguo chafu zitawekwa katika mifuko ya kitambaa ambayo Mama ameishona.

Wiki ya 3

Nimekuwa nikifuatilia joto la maji ya Bahari ya Hindi. Upande wa magharibi wa bahari hiyo unapopata joto kuliko wa mashariki, hali ambayo wataalamu huiita dipoli chanya, mvua za Oktoba na Novemba huongezeka upande wetu wa bahari, kama ilivyotokea kwa nguvu mwaka 1997 na 2019. Mwaka huu utabiri hauonyeshi hali hiyo. Kama ungeionyesha tusingefuta safari. Tungeongeza siku ya msitu na kupunguza siku ya boti.

Pasipoti ya mdogo imefika. Vibali vya kuingia vimeombwa. Boti ya Jumatatu asubuhi na ya Jumamosi zimelipiwa. Tumepanga kurudi Mahé siku moja kamili kabla ya ndege kwa makusudi, kwa sababu boti inaweza kuahirishwa bahari ikichafuka, na ndege ya kurudi haimsubiri mtu aliyekwama kisiwani.

Mume wangu amejaribu kuingiza Curieuse katika Ijumaa. Ana hoja nzuri: ni karibu, kuna makobe wakubwa wanaotembea huru, kuna njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko, na kushuka ni rahisi kuliko Cousin, hivyo hata Mama anaweza. Nimekubali kiwemo katika orodha, lakini si katika ratiba. Cousin imewekwa Jumanne na La Digue Alhamisi. Jumatano na Ijumaa zinabaki bila jina. Ikiwa Jumanne kuna mawimbi, Cousin inahamia Jumatano. Ikiwa Alhamisi kuna mvua, La Digue inahamia Ijumaa, hata kama maji hayatakuwa mazuri kama hesabu ya binti. Ikiwa kila kitu kitakwenda kama kilivyoandikwa, basi siku hizo mbili ni za Curieuse, au za kulala, au za kukaa mchangani mbele ya nyumba na kumwangalia mtoto akichimba.

Wiki ya mwisho

Utabiri wa upepo kwa siku tano za mwanzo ni wa wastani kutoka kusini-mashariki, ukipungua kuelekea katikati ya wiki. Mtu wa boti ya Cousin amesema Jumanne inawezekana na Jumatano ni bora zaidi, na ameahidi kutupigia simu Jumatatu jioni. Hajaona ng'amba wengi bado, lakini wameshaanza.

Mizigo ni mabegi manne, na la tano ni la Mama peke yake, ambalo hakuna anayeruhusiwa kulipanga. Binti amenakili jedwali la maji kwa mkono kwenye kadi ngumu na kulifunika kwa utepe wa plastiki unaonata ili lisilowe. Ameweka nyota pembeni mwa Alhamisi. Mdogo wake ameuliza mara tatu kama tutakwenda kuyaona yale matunda Jumanne au Jumatano, nami nimemjibu mara tatu kwamba tutajua Jumatatu jioni, simu itakapopigwa. Mara ya tatu aliridhika, akaenda kulieleza jambo hilo kwa bibi yake kama habari mpya.

Ratiba imebandikwa mlangoni. Jumatano na Ijumaa bado ni tupu, na hakuna aliyeomba zijazwe.